Je, mfumo wako endeshi unaijua PCI Express, au unaichukulia kama PCI ya zamani? Namna ya kupima

Kila inapotoka njia mpya ya upanuzi wa kompyuta, au toleo jipya la njia ileile, watu huniuliza swali moja: "Mfumo wangu endeshi utaikubali?" Muulizaji hutaka ndiyo au hapana. Mimi humrudishia swali: kuikubali mpaka wapi? Kadi inaweza kuonekana, ikapata draiva, ikafanya kazi miaka na miaka, na bado mfumo ukawa haugusi hata nusu ya yale yaliyoifanya njia hiyo iitwe mpya.

Hali hiyo ilipangwa. PCI ya mwanzo, njia ya kuunganishia kadi za nyongeza kwenye kompyuta, ilitolewa na Intel mwaka 1992. PCI Express ilipokuja kuirithi, toleo la 1.0a likiwa la 2003 na mashine za kwanza zikiingia sokoni 2004, huko chini kwenye nyaya ilikuwa kitu kingine kabisa. Badala ya rundo la nyaya sambamba ambazo kadi zote zinagombania, kila kadi ilipewa muunganisho wake, na data ikawa inapita kwa mfululizo kwenye mikondo (lanes). Ila waliobuni walijua kwamba hakuna atakayenunua ubao mama usioweza kuwasha mfumo endeshi alionao tayari. Wakauacha mlango wa zamani wazi. Programu isiyojua lolote kuhusu Express huikuta kadi mahali palepale, kwa namba za aina ileile, na kusoma baiti 256 zilezile za usanidi. Ni mgeni aliyeingia mjini akiwa amevaa kanzu ya wenyeji. Windows XP iliishi naye hivyo mpaka mwisho wake bila kumtambua. Windows Vista ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika ukoo huo kumshughulikia kwa jina lake halisi.

Kwa hiyo nitakuonyesha jinsi ninavyopima tabaka moja baada ya jingine. Natumia Linux kwa sababu haifichi kitu; Windows nitaigusa karibu na mwisho. Utahitaji ruhusa za root (msimamizi mkuu) na kifurushi cha pciutils, chenye amri ya lspci. Anwani 0000:01:00.0 utakayoiona humu ni ya mfano tu: sifuri nne za kwanza ni kikoa, 01 ni namba ya njia, 00 ni kifaa, na 0 ya mwisho ni kazi ndani ya kifaa hicho. Weka ya kadi yako.

Anza na mti, draiva baadaye

Kosa ninaloliona sana ni mtu kupakua draiva, kuziondoa na kuzisakinisha upya, kwa ajili ya kadi ambayo kerneli (kiini cha mfumo endeshi) haijaiona kabisa. Kabla ya yote andika:

lspci -tv

Utapata mti: mlango wa mzizi upande wa kushoto, madaraja katikati, kadi kwenye ncha. Kisha:

lspci -nnk

Hapa kila kifaa kinakuja na namba za mtengenezaji na kifaa, na mstari unaosema "Kernel driver in use". Ikiwa kadi imo kwenye mti ila haina mstari huo, hapo ndipo suala la draiva linapoanza. Ikiwa jina halionekani, umeletewa namba tupu tu, usihangaike. Majina hutoka kwenye faili la orodha, na amri ya update-pciids itakuletea orodha mpya. Draiva inatafuta namba, haitafuti jina.

Ikiwa kadi haimo kwenye mti kabisa, draiva haina la kufanya. Wakati wa kuwaka, kerneli hupita kila anwani ikiuliza namba ya mtengenezaji. Pasipo na kifaa hurudi ffff, nayo inaendelea na safari. Kwa hiyo rudi kwenye vitu vya mikononi: kadi imekaa sawasawa kwenye sloti? Waya wa umeme wa ziada umechomekwa? Sloti hiyo imezimwa kwenye BIOS, au inagawana mikondo na diski ya M.2 iliyo jirani? Hilo la mwisho limeandikwa kwenye kijitabu cha ubao mama, ukurasa ambao hakuna anayeusoma.

Kuna hali ya katikati: kadi ipo kwenye mti lakini imekosa nafasi kwenye ramani ya kumbukumbu. Uliza logi ya kerneli:

dmesg | grep -i 'no space'

Ukiona BAR fulani (dirisha la kumbukumbu ambalo kadi huliomba) imelalamika hivi, mara nyingi ni kadi ya grafiki au ya kuongeza kasi ya hesabu, inayotaka dirisha kubwa ambalo haliwezi kutoshea chini ya GB 4. Ingia BIOS uwashe kipengele cha Above 4G Decoding. Kisipokuwepo, jaribu kuwasha kerneli kwa pci=realloc ili igawe upya yale ambayo fimweya (programu ya ubao mama wenyewe, kama BIOS) iligawa kwa ubahili.

Baiti 256 au 4096?

Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kweli. PCI ilikipa kila kifaa baiti 256 za kujieleza. Express ilizifanya 4096, na karibu kila jambo jipya la maana limewekwa kuanzia anwani 0x100 kwenda juu: taarifa za makosa, kugawa kadi moja kwa mashine pepe nyingi, kubadilisha ukubwa wa BAR. Kwenye mashine za x86 mlango wa zamani ni poti mbili, 0xCF8 na 0xCFC, na kwa mpangilio wake wa asili haufiki huko juu. Ili kufika, fimweya huliweka eneo lote la usanidi kwenye ramani ya kumbukumbu, kisha huutaja mwanzo wake kwenye jedwali la ACPI (lugha ya fimweya ya kuueleza mfumo endeshi kuhusu mashine) liitwalo MCFG. Ni eneo kubwa. Njia 256, kila moja ikiwa na vifaa 32, kila kifaa kazi 8, kila kazi baiti 4096: jumla MB 256.

Njia ya haraka ya kujua kama kerneli yako inafika huko:

ls -l /sys/bus/pci/devices/*/config

Angalia ukubwa wa faili. Kadi ya Express ikiandikwa 4096, sawa. Ikiandikwa 256, mfumo unaisoma kwa macho ya mwaka 1992. Vifaa vya ndani ya chipu vinaweza kubaki 256 kihalali, kwa hiyo hukumu kwa kadi uliyochomeka mwenyewe. Kisha thibitisha kwenye logi:

dmesg | grep -iE 'mmconfig|ecam'

Jibu zuri linafanana na hili, MMCONFIG likiwa ndilo eneo hilo la usanidi, ingawa kerneli mpya zaidi zinaliita ECAM:

PCI: MMCONFIG for domain 0000 [bus 00-ff] at [mem 0xe0000000-0xefffffff] (base 0xe0000000)

Usipopata kitu, tazama kwanza /proc/cmdline, yaani vigezo ambavyo kerneli iliwashwa navyo. Huenda kuna mtu aliwahi kuandika pci=nommconf ili kuiponya mashine nyingine, na mstari ukarithiwa. Ikiwa hakuna, na logi inasema eneo hilo "not reserved", fimweya imelitaja bila kulihifadhi, na kerneli imekataa kuliamini. Dawa hapo ni sasisho la BIOS.

Kwenye bodi za ARM mambo ni tofauti kidogo, na kwa maoni yangu ni masafi zaidi. Poti za zamani hazipo, kwa hiyo hakuna kanzu ya kuazima: ama kerneli inalijua eneo la usanidi kupitia device tree (maelezo ya vifaa vya bodi) au ACPI, ama huoni kadi hata moja.

Nani ameshika njia, mfumo au fimweya?

Tabaka hili ndilo watu wengi hawalijui, na ndilo linaloeleza mambo mengi ya ajabu. Kwa Express kuna kazi kadhaa ambazo fimweya ya mashine inaweza kuzifanya yenyewe bila kuuambia mfumo: kupokea makosa, kushughulikia kadi inayochomekwa au kuchomolewa mashine ikiwa imewashwa, kupokea ishara za kuamshwa. Wawili wakishika rejista zilezile kwa wakati mmoja, fujo. Kwa hiyo wakati wa kuwaka kuna mazungumzo rasmi kupitia ACPI, yanaitwa _OSC. Mfumo unasema ninayamudu haya, naomba nikabidhiwe haya. Fimweya inajibu kwa kukubali au kukataa. Mazungumzo yote yameandikwa:

dmesg | grep _OSC

acpi PNP0A08:00: _OSC: OS supports [ExtendedConfig ASPM ClockPM Segments MSI HPX-Type3]
acpi PNP0A08:00: _OSC: OS now controls [PCIeHotplug PME AER PCIeCapability LTR]

Mstari wa pili ndio ninaoutafuta kabla ya kitu kingine chochote nikikabidhiwa seva. Ukiwa na AER (huduma ya kuripoti makosa) ndani yake, makosa ya njia yatakuja kwenye logi yako. Ukiona badala yake "platform does not support" ikifuatiwa na AER, fimweya imeamua kuyaweka makosa kwake. Kwenye seva nyingi hilo ni kusudi kabisa, na utayakuta kwenye logi za kidhibiti cha seva chenyewe. Tafuta huko kabla ya kusema mashine haina makosa.

Mstari unaonifanya nivute kiti ni huu:

_OSC: not requesting OS control; OS requires [ExtendedConfig ASPM ClockPM MSI]

Usome taratibu. Fimweya haijakataa chochote. Kerneli yenyewe haikuomba. Ina sharti lake: isipokuwa na uwezo wote wa hiyo orodha, haithubutu kuomba kukabidhiwa njia. Na uwezo huo hukatwa kirahisi sana na binadamu. Mtu ana kadi ya mtandao inayoganda, anasoma mahali kwamba pcie_aspm=off, ya kuzima usingizi wa kuokoa umeme (ASPM), inasaidia, anaandika, kadi inatulia, wote wanafurahi. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa mstari huo kerneli imeacha pia kuomba AER na huduma ya kuchomeka kadi mashine ikiwaka. Miezi ikipita, diski ya NVMe (SSD inayotumia Express moja kwa moja) ikichomolewa na kurudishwa haionekani, na makosa ya njia hayaandikwi popote. Wataalamu wanaanza kulaumu diski. Vivyo hivyo kwa pci=nomsi (MSI nitaieleza chini, kwenye interapti) na pci=nommconf.

Ikiwa shida yako ni muunganisho kulala usingizi wa kuokoa umeme, uombe usilale, bila kumkata kerneli ulimi:

pcie_aspm.policy=performance

Kwa kadi yako hiyo huenda ikatosha. Ikitosha, ondoa ile ya off.

Kuna dawa kali, pcie_ports=native, inayoiambia kerneli ishike huduma zote hata kama fimweya haijaruhusu. Siipendi. Inafaa kwa jaribio kwenye mashine yako mwenyewe, pale ambapo una hakika fimweya imekataa kwa uzembe tu na si kwa sababu inazitumia rejista hizo. Kwenye mashine ya watu wengine, iache.

Unapojenga kerneli mwenyewe, hakikisha vipande vimo:

grep -E 'PCI_MMCONFIG|PCI_MSI=|PCIEPORTBUS|PCIEAER=|HOTPLUG_PCI_PCIE|PCIEASPM=' /boot/config-$(uname -r)

Kerneli za usambazaji (distro) wa kawaida huwa navyo. Za vifaa vidogo vilivyopunguzwa ukubwa mara nyingi hukosa PCIEPORTBUS, draiva ya milango ya Express, na bila hiyo AER na uchomekaji havina pa kukalia. Historia nayo inaonyesha kwamba vitu hivi havikuja kwa pamoja: Linux ilikuwa ikiendesha kadi za Express kabla AER haijaingia kwenye 2.6.19 mwaka 2006, na usimamizi wa ASPM haukuingia mpaka 2.6.26 mwaka 2008. Jibu la "Linux inaikubali" lilikuwa kweli muda wote huo, na kila mwaka lilimaanisha kitu tofauti.

Interapti

PCI ya zamani ilikuwa na nyaya nne za interapti (ishara ya kadi kukiita kichakataji), A hadi D, zikigawanywa. Kadi ikivuta waya, kerneli inauliza draiva zote zilizo kwenye waya huo, mmoja baada ya mwingine: ni wewe? Express haina nyaya hizo. Kwa ajili ya programu za zamani inaziigiza, kwa kutuma ujumbe wa "waya umevutwa" na "waya umeachiwa". Njia yake halisi ni MSI na MSI-X, ambapo kadi inaandika namba fulani kwenye anwani fulani ya kumbukumbu, na kichakataji kinachohusika kinajua papo hapo nani ameita na kwa ajili gani. MSI inafika namba 32 kwa kila kazi; MSI-X inafika 2048.

lspci -vv -s 01:00.0 | grep MSI
grep -E 'MSI|IO-APIC' /proc/interrupts

Unatafuta "Enable+". Diski nzuri ya NVMe itakuonyesha MSI-X, na kwenye /proc/interrupts utaona mistari ya nvme0q0, nvme0q1 na kuendelea, kwa kawaida foleni moja kwa kila kichakataji. Ukiona "Enable-" huku draiva ikiwa kazini, na kadi imeandikwa kwenye mstari wa IO-APIC (kipokezi cha interapti za waya) pamoja na vitu vingine viwili, umerudi kwenye kuigiza nyaya. Kadi itafanya kazi. Itafanya kazi vibaya ukiibebesha mzigo, na siku moja unaweza kukuta kerneli imeandika "nobody cared" na kuuzima waya mzima, pamoja na majirani wasio na hatia.

Kasi, na kwa nini si kazi ya mfumo endeshi

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu mfumo huwa unalaumiwa bure. Muunganisho wa Express hujipatanisha wenyewe, vifaa kwa vifaa, kabla kerneli haijaamka. Mfumo unasoma tu matokeo.

lspci -vv -s 01:00.0 | grep -E 'LnkCap:|LnkSta:'

LnkCap ni uwezo, LnkSta ni hali ya sasa. Matoleo mapya ya lspci huongeza "(downgraded)" pale hali inapokuwa chini ya uwezo. Kwa kila mkondo, kasi ni 2.5 GT/s (bilioni za uhamisho kwa sekunde) kwa toleo la kwanza, 5 kwa la pili la 2007, 8 kwa la tatu la 2010, 16 kwa la nne la 2017, 32 kwa la tano la 2019, na 64 kwa la sita la 2022. Matoleo mawili ya mwanzo hupoteza sehemu moja kati ya tano kwa usimbaji wa 8b/10b (biti 10 hupita kwa kila biti 8 za data), ndiyo maana 2.5 GT/s inakupa MB 250 kwa sekunde na 5 inakupa 500. La tatu lilihamia 128b/130b, na 8 GT/s ikawa karibu MB 985.

Kerneli za karibuni zinakufanyia hesabu na hata kukutajia nani amebana:

dmesg | grep 'available PCIe bandwidth'

31.504 Gb/s available PCIe bandwidth, limited by 8.0 GT/s PCIe x4 link at 0000:00:1d.0 (capable of 63.012 Gb/s with 16.0 GT/s PCIe x4 link)

Hapa diski ni ya toleo la nne, sloti ni ya toleo la tatu, na hakuna sasisho la programu litakalobadilisha hilo. Angalizo moja: kadi nyingi za grafiki hushuka hadi 2.5 GT/s zikiwa hazina kazi, ili kuokoa umeme. Ipe kazi kwanza, ndipo usome LnkSta. Na ukiona "unknown" mahali pa kasi, sasisha pciutils kabla ya kufikiria lolote. Lspci ya zamani haijui kusoma namba za toleo jipya.

Makosa yanayojirekebisha

Kwa kuwa umeshahakikisha AER iko mikononi mwa kerneli, itumie. Kila pakiti ya Express hubeba hesabu ya uhakiki. Mpokeaji akikuta haikubaliani anakataa, na mtumaji anairudia kutoka kwenye akiba yake. Draiva haijui. Mtumiaji hajui. Kinachobaki ni idadi:

cat /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/aer_dev_correctable

Utaona RxErr, BadTLP, BadDLLP na wenzao, na jumla mwishoni. Machache tangu mashine iwake hayanikoseshi usingizi. Yakiongezeka kila ukitazama, kuna tatizo la umeme au la mguso: kebo ya kurefusha sloti, kadi iliyolegea, soketi chafu, au kasi ambayo njia ya shaba kwenye ubao huo haiimudu. Nenda BIOS ukaishushe sloti toleo moja chini, kisha utazame kama namba zimesimama. Zikisimama, umempata mhusika. Mafaili jirani, aer_dev_nonfatal na aer_dev_fatal, yanapaswa kuwa sifuri tupu.

Ushauri utakaoukuta kila mahali logi inapojaa mistari ya "severity=Corrected" ni kuongeza pci=noaer. Mistari itakoma, ndiyo. Pakiti zitaendelea kuharibika na kurudiwa, na siku kosa lisilorekebishika litakapotokea hutaandikiwa kitu.

Kuchomoa na kuchomeka

Kwa kadi inayotaka kuwashwa upya bila kuzima mashine, hii huokoa muda mwingi:

echo 1 > /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/remove
echo 1 > /sys/bus/pci/rescan

Ondoa kwanza kazi zote zinazoitumia, hasa ikiwa ni diski. Kuchomoa kwa mkono ni habari nyingine: kunahitaji sloti iliyotengenezwa kwa hilo, pciehp (draiva ya uchomekaji) iwe imekabidhiwa kupitia _OSC, na draiva inayostahimili kuondokewa ghafla, kwa sababu kila inachosoma kutoka kwa kifaa kilichotoweka hurudi ffffffff. Kadi ikirudi na kukosa nafasi, daraja halikuhifadhiwa dirisha la kutosha wakati wa kuwaka; tazama vigezo vya pci=hpbussize na pci=hpmmiosize.

Kwa walio kwenye Windows

Fungua Device Manager, chagua kutazama vifaa kwa muunganisho, na utapata mti uleule. Kwenye sifa za kifaa, sehemu ya Details, kuna orodha yenye kasi na upana wa sasa wa muunganisho pamoja na upeo wake. Kwenye Resources, IRQ yenye namba hasi ni MSI. Namba chanya ndogo ni waya wa kuigizwa. Makosa ya njia huandikwa kwenye Event Viewer chini ya WHEA-Logger.

Na njia inayofuata: CXL

CXL (Compute Express Link), iliyotangazwa Machi 2019, ilianza juu ya nyaya na sloti za PCI Express toleo la tano, na imerudia mbinu ileile ya kanzu. Moja ya lugha zake tatu, CXL.io, ni Express karibu ilivyo, kwa ajili ya kugunduliwa na kusanidiwa. Lugha nyingine mbili ndizo mpya: CXL.cache inayomruhusu kifaa kushika nakala za kumbukumbu ya kichakataji, na CXL.mem inayomruhusu kichakataji kutumia kumbukumbu iliyo kwenye kadi kama RAM yake. Kwa hiyo kadi ya kumbukumbu ya CXL itaonekana kwenye lspci ya mashine yoyote ile:

lspci -d ::0502

na kuonekana kwake hapo hakuthibitishi kwamba una hata baiti moja ya kumbukumbu mpya. Mfumo wa CXL ulianza kuingia kwenye Linux 5.12 mwaka 2021, na umekuwa ukijazwa tangu hapo, kwa hiyo kerneli ya usambazaji wenye miaka kadhaa haitoshi. Fimweya lazima itoe jedwali la ACPI liitwalo CEDT. Kisha, ukiwa umesakinisha zana za ndctl:

cxl list -M
daxctl list
numactl -H

Amri ya kwanza ionyeshe kifaa na ukubwa wake. Ya pili ionyeshe kama eneo limeshaundwa na limekaa kama kifaa cha dax (kumbukumbu inayofikiwa moja kwa moja kama kifaa). Ya tatu ndiyo ya kuamua: unatafuta nodi ya NUMA (kundi la kumbukumbu na vichakataji vilivyo karibu nayo) yenye kumbukumbu lakini isiyo na kichakataji hata kimoja. Ikiwa dax ipo na nodi haipo, kumbukumbu haijakabidhiwa kwa matumizi ya kawaida:

daxctl reconfigure-device --mode=system-ram dax0.0

Huna kadi? QEMU, programu ya kuiga kompyuta, inaiga CXL. Washa mashine pepe ya q35 yenye cxl=on, uipe daraja la pxb-cxl, mlango wa cxl-rp na kifaa cha cxl-type3, kisha upite hatua hizi zote ndani yake ukianza na lspci -tv. Usipime kasi humo, maana ni ya kuigiza. Kwa kujua kama kerneli na zana zako zinaelewana na njia hii, inatosha.